Mafuta ya mwili, homoni na malaria kali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mafuta ya mwilini watu huyahusisha na kitambi na moyo. Malaria wanaihusisha na mbu na homa. Ukiyataja kwa pamoja, mtu anakutazama kama umechanganya mafaili. Hata hivyo miaka ya karibuni watafiti wamekuta vimelea vya malaria vimejibanza ndani kabisa ya tishu za mafuta, na wamekuta homoni inayotengenezwa humo ikichangia ugonjwa wa ubongo kwa panya. Kila mahali hapa chini nimesema kama jambo limeonekana kwa panya au kwa binadamu. Tofauti hiyo ni kubwa, na ushauri mwingi wa ajabu unaozunguka huzaliwa pale inaposahaulika.

Kwanza, malaria kali ni ipi? Si kila malaria ni kali?

Mgonjwa aliyelala kitandani anatetemeka, kichwa kinampasuka na viungo vyote vinauma, atakuambia malaria yake ni kali, na nani atambishia? Lakini kwa madaktari neno hilo lina mipaka yake. Malaria ni kali pale vimelea vikiwa kwenye damu na papo hapo kuna dalili kwamba kiungo fulani kinashindwa kazi: mgonjwa amepoteza fahamu, anapata degedege la kujirudia, anapumua kwa shida kwa sababu damu imejaa asidi, figo zimegoma, sukari imeshuka chini ya 2.2 mmol kwa lita, au damu imepungua sana (kwa mtoto wa chini ya miaka 12, hemoglobini chini ya gramu 5 kwa desilita). Malaria ya ubongo, ile watu wanayosema "imempanda kichwani", ni aina mojawapo tu.

Nyingi ya hizo huletwa na Plasmodium falciparum. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani, asilimia 95 kati yao kanda ya Afrika, wengi wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Mafuta yanaingiaje hapo?

Yanaingia kupitia tabia moja ya falciparum ambayo vimelea wengine wa malaria hawana kwa kiwango hicho: hupenda kujificha. Kila baada ya saa 48 hivi kizazi kipya cha vimelea huiva ndani ya seli nyekundu za damu. Kikiwa kichanga, seli iliyokibeba huzunguka kama kawaida. Kikishakua, hutoa protini yenye kunata na kuipachika juu ya ngozi ya seli, na seli hiyo huganda kwenye ukuta wa mshipa mwembamba. Sababu ni wengu. Seli iliyobeba kimelea kikubwa ikipita kwenye wengu hukamatwa na kuharibiwa, kwa hiyo kimelea huona heri kushika ukuta kuliko kupita kituo cha ukaguzi. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara akitazama slaidi ya damu huona zaidi vimelea vichanga, vile vya umbo la pete. Wakubwa hawamo kwenye tone la damu ya kidole. Wako ndani, wameng'ang'ania.

Ili ung'ang'anie unahitaji pa kushika. Mojawapo ya vishikio ni protini iitwayo CD36, na hapa ndipo mafuta yanapojitokeza. Kazi ya CD36 mwilini ni kupokea asidi za mafuta kutoka kwenye damu na kuziingiza ndani ya seli. Unaweza kuiita mlango wa ghala. Basi kiungo gani kina milango mingi ya namna hiyo kuliko ghala lenyewe? Tishu ya mafuta imefumwa na mishipa midogo midogo, kila seli ya mafuta ikiwa imeguswa na mshipa, na CD36 imejaa pale. Mwaka 2005 watafiti waliotumia vimelea vya panya vilivyowekewa alama ya kutoa mwanga waliona mwanga huo ukijikusanya kwenye mapafu, wengu na mafuta. Panya walipokosa CD36, mapafu na mafuta hayakuwaka tena hivyo.

Mishipa ya ubongo, kwa upande wake, ina CD36 kidogo mno. Vishikio vikuu huko ni vingine. Hii ndiyo sehemu iliyowashangaza wengi: kiungo kinachoumia zaidi na kiungo kinachopokea wageni wengi si kimoja. Sasa mafuta yanazungumzaje na ubongo?

Kwani mafuta yanaweza "kuzungumza"?

Yanaweza, na hayanyamazi. Tulizoea kuyaona kama blanketi na akiba ya njaa. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman huko New York ilitambua jeni la homoni inayotoka kwenye seli za mafuta, ikapewa jina leptini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Tangu siku hiyo mafuta yakawa tezi kama tezi nyingine.

Leptini huuambia ubongo ni akiba kiasi gani imebaki. Mafuta yakiwa mengi, leptini huwa juu na hamu ya kula inapungua (kwa watu wengi wanene ubongo hauisikii tena vizuri, ila hiyo ni hadithi nyingine). Ukikosa chakula siku mbili tatu, leptini huporomoka kabla hata ya mizani kuonyesha chochote. Shika jambo hilo la mwisho, tutalirudia.

Homoni hiyo hiyo huzungumza pia na seli za kinga. Mantiki yake inaeleweka: kupigana na ugonjwa ni gharama, na jeshi halipelekwi vitani bila kuuliza ghala lina nini. Leptini ikiwa juu, seli T, aina mojawapo ya askari wa kinga, huchangamka na kuwa wakali. Ikiwa chini, hupoa.

Leptini imeonekanaje kuhusika na malaria ya ubongo?

Kwa panya, ushahidi ni mzuri. Panya walioambukizwa Plasmodium berghei ANKA, kimelea cha malaria ya panya, huweza kupata ugonjwa unaofanana na malaria ya ubongo, na kinachowaua si wingi wa vimelea peke yake bali seli zao wenyewe za kinga zinazovamia mishipa ya kichwa kwa fujo. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Harvard lilichapisha jaribio ambalo panya walipunguziwa chakula walipoambukizwa. Siku mbili tu za kupunguziwa zilitosha kuwaepusha na ugonjwa wa ubongo. Wengu wao ulisafisha vimelea vizuri zaidi, na leptini yao ilikuwa imeshuka. Kisha watafiti wakafanya kitu kinachonishawishi kuliko takwimu: waliwachoma panya hao hao leptini. Kinga ikapotea. Walipozuia leptini kwa njia nyingine bila kugusa chakula, panya walisalimika.

Mwaka 2021 sehemu ya kundi hilo ikauliza leptini hiyo inatoka wapi na nani anaichochea. Jibu likawa ni vimelea vilivyojibanza kwenye mafuta. Seli zilizoambukizwa zinaposhika mishipa ya mafuta, mishipa huanza kuvuja, na seli za mafuta zilizo jirani huongeza utengenezaji wa leptini. Vimelea vya aina isiyoweza kushika pale viliongeza leptini kidogo, na panya hawakupata ugonjwa wa ubongo. Ndani ya seli ya mafuta, swichi inayowashwa inaitwa mTORC1, ile ile ambayo dawa ya rapamisini (inayotumiwa na watu waliopandikizwa figo) huizima.

Lakini walipowatumia panya wasio na CD36 kabisa, matokeo hayakuwa sawa kwa majike na madume. Yaani jinsia iliingilia kati, na picha safi ya "mshipa wa mafuta, leptini, ubongo" ikapata mkunjo. Binafsi naona mkunjo huo ni wa kuheshimiwa, si wa kufichwa chini ya mkeka.

Nimesikia panya wanene hawakufa kwa malaria ya ubongo. Basi unene ni kinga?

Hapana, ila swali ni zuri. Jaribio hilo ni la kweli, la mwaka 2008. Walitumia panya waitwao ob/ob, ambao wananenepa hadi kuwa kama mpira. Wenzao wembamba walikufa kwa ugonjwa wa ubongo ndani ya siku kumi hivi. Wale wanene hawakuonyesha dalili za ubongo, walikufa baadaye, kati ya siku ya 18 na ya 25, kwa kuishiwa damu huku vimelea vimejaa.

Sasa tazama kwa nini panya wa ob/ob ni wanene. Ni wanene kwa sababu jeni lao la leptini limeharibika. Hawatengenezi leptini hata chembe, ubongo wao unaamini wanakufa njaa, wanakula mchana na usiku. Ni milima ya mafuta isiyo na sauti. Kwa hiyo jaribio hilo halikupima unene. Kwa macho ya leo, lilipima kukosa leptini, na linaafikiana kabisa na lile la 2015. Mtu mnene wa kawaida ni kinyume chake: ana mafuta mengi na leptini nyingi.

Kwa binadamu je? Kuna aliyethibitisha?

Kwa sehemu. Katika utafiti ule wa 2021 walichunguza pia tishu za mafuta za watoto waliokwisha kufariki. Kwa wale waliokufa na malaria ya ubongo, seli zilizoambukizwa zilikuwa zimejibanza zaidi kwenye mishipa ya mafuta, na leptini ndani ya tishu pamoja na shughuli ya mTORC1 vilikuwa juu zaidi. Hadi hapo panya na binadamu wanakubaliana. Lakini leptini ndani ya damu ya wagonjwa haikupanda kwa sababu ya falciparum, tofauti na panya.

Wanaotaka kichwa cha habari husoma nusu ya kwanza na kuacha ya pili. Tusomapo zote mbili tunabaki na hili: kwa binadamu mafuta ni maficho ya vimelea, na yanaonekana kuitikia, lakini kwamba leptini ndiyo inayoua mtoto halijathibitishwa.

Mimi ni mtu mzima mnene. Niko hatarini zaidi?

Dalili zinaelekea huko, hasa kama huna kinga ya kuishi na malaria tangu utotoni. Nchini Sweden walipitia kumbukumbu za watu wazima 937 waliotibiwa malaria ya falciparum kati ya 1995 na 2015, karibu wote wakiwa wameipata safarini. Kati yao 92 walikuwa na malaria kali. Unene uliokithiri ulijitokeza kama kihatarishi chenye nguvu, hata baada ya kuzingatia mambo mengine, na ulipoambatana na shinikizo la damu, mafuta mabaya kwenye damu au kisukari, hali ilikuwa mbaya zaidi.

Utafiti wa aina hiyo hauwezi kukuambia kwa nini. Huenda ni leptini. Huenda ni ule uvimbe wa chini chini unaokaa mwilini mwa mtu mnene mwaka mzima, au mishipa ambayo ukuta wake umekwisha kuchoka kabla kimelea hakijafika. Huenda pia ni jambo la kawaida kabisa kama dozi, nitalieleza mbele. Kwa mgonjwa sababu si ya haraka. Cha haraka ni kwamba homa ya mtu mnene aliyetoka eneo lenye malaria isingoje kesho.

Na kisukari?

Kule Kumasi, Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ukiwa na watu wazima zaidi ya 1,400 uliona kwamba wenye kisukari cha aina ya pili walikuwa na uwezekano wa asilimia 46 zaidi wa kukutwa na vimelea vya falciparum kwenye damu, na kadiri sukari ilivyokuwa juu ndivyo uwezekano ulivyopanda. Hapo ni kuwa na vimelea, si lazima kuugua vikali. Ukichanganya na habari za Sweden, mwenye kisukari ana sababu mbili za kulala ndani ya chandarua.

Kama panya waliopunguziwa chakula walipona, kwa nini nisifunge nikipata malaria?

Tafadhali usifanye hivyo, na usimfanyie mtoto. Kimelea cha malaria hula glukosi kama moto unavyokula nyasi kavu, ini la mgonjwa nalo linashindwa kutengeneza nyingine. Mtoto mwenye malaria kali akinyimwa chakula anaweza kuishiwa sukari ndani ya saa chache, na dalili zake, yaani kulegea, kutoitika na degedege, zinafanana mno na malaria ya ubongo hivi kwamba bila kipimo huwezi kuzitofautisha.

Panya wa maabara walianza wakiwa na afya, wamepimiwa chakula kwa mizani, na waliambukizwa siku inayojulikana. Wewe hujui siku mbu alipokuuma. Kinachotafutwa na watafiti ni dawa inayobana njia hiyo bila kumtesa mgonjwa kwa njaa, na bado haijafika hospitali.

Mbona watu waliokonda kwa njaa huugua malaria wanapoanza kulishwa?

Hili lilionekana wakati wa ukame wa Sahel miaka ya 1970. Madaktari waliokuwa wakiwahudumia waathirika waliona watu waliofika wakiwa mifupa mitupu, bila homa, kisha siku chache baada ya kuanza kula vizuri malaria ikalipuka. Vimelea vilikuwa vimelala. Chakula kiliamsha mwenyeji na mgeni kwa pamoja. Maelezo ya wakati huo yaliegemea kwenye madini ya chuma yaliyopanda ghafla katika damu. Leo tungeongeza kwamba leptini nayo hupanda upesi mtu anapoanza kula, na kwamba mwaka 2017 ilionyeshwa kwa panya kuwa kimelea chenyewe kinahisi lishe ya mwenyeji na kupunguza kuzaana wakati wa uhaba.

Mtu aliyekonda analishwa vilevile, bila kusita. Ila anapimwa na kutibiwa malaria mapema.

Homoni za msongo wa mawazo, kama kortisoli, zinasaidia au zinadhuru?

Inategemea ziko za nani. Tezi zilizo juu ya figo hutoa kortisoli mwili unapopata kashkash, na kazi yake mojawapo ni kuzuia kinga isivuke mpaka na kulinda sukari. Mwaka 2018 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliwaondolea panya tezi hizo kisha wakawaambukiza malaria. Panya walikufa haraka, ingawa vimelea havikuwa vingi kuliko vya wenzao. Kwa lugha rahisi, bila homoni hizo mwili ulishindwa kuuvumilia ugonjwa.

Ukisikia hivyo utafikiri kumpa mgonjwa steroidi (dawa zinazoiga kortisoli) ni jambo la busara, na madaktari wa zamani walifikiri hivyo hivyo: ubongo umevimba, steroidi hupunguza uvimbe, basi choma. Jaribio lililofanyika Thailand kwa wagonjwa 100 wa malaria ya ubongo na kuchapishwa mwaka 1982 lilifunga mjadala. Deksamethasoni, steroidi waliyoijaribu, haikuokoa maisha, ilirefusha muda wa kukosa fahamu, na waliopewa walipata matatizo mengi zaidi, yakiwemo nimonia na kutokwa damu tumboni. Hadi leo steroidi hazipendekezwi kwa malaria ya ubongo. Homoni yako mwenyewe, kwa kipimo chake na wakati wake, ni kitu kimoja. Ya sindano ni kitu kingine.

Insulini je?

Insulini ina mchango wa aibu kidogo, maana sisi wenyewe tuliuleta. Kwinini, dawa iliyotegemewa miaka na miaka kwa malaria kali, huchochea kongosho kumwaga insulini. Mwaka 1983 ilielezwa wazi kwamba baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakizidiwa wakiwa kwenye dripu ya kwinini hawakuwa wakizidiwa na malaria bali na sukari kushuka, hasa wajawazito. Artesunate, dawa ya sindano iliyochukua nafasi yake, haina tabia hiyo. Katika jaribio kubwa la watoto wa Afrika 5,425 lililochapishwa mwaka 2010, artesunate ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini, na sukari kushuka baada ya matibabu kulikuwa kuchache. Kama kwinini ndiyo pekee iliyopo, mgonjwa apimwe sukari mara kwa mara, hata akionekana amelala tu.

Kwa nini mimba ya kwanza ni hatari zaidi?

Kwa sababu kondo la nyuma ni maficho mapya. Lina kishikio ambacho mwili haujawahi kukitoa kwa wingi hivyo, nacho huvutia vimelea vilivyovaa protini inayokifaa. Mwanamke aliyekua na malaria ana kinga dhidi ya nguo za zamani za kimelea, si hii mpya. Kwa mimba zinazofuata anaijua. Homoni nazo zimo: kortisoli huwa juu wakati wa ujauzito, na utafiti wa Gabon wa mwaka 2005 uliihusisha na malaria kwa wenye mimba ya kwanza. Mimi ningeweka uzito mkubwa kwenye kondo na mdogo kwenye kortisoli.

Balehe hubadilisha chochote?

Hubadilisha, kwa upole. Magharibi mwa Kenya, tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliona vijana wenye kiwango kikubwa cha DHEAS, homoni ya tezi za juu ya figo inayopanda wakati wa balehe, wakiwa na vimelea vichache kuliko wenzao, hata umri ulipozingatiwa. Kwa wasichana hemoglobini pia ilikuwa nzuri zaidi. Testosteroni inaonekana kwenda njia nyingine: panya majike ambao kwa kawaida huponyoka na Plasmodium chabaudi, kimelea kingine cha malaria ya panya, hufa wakipewa testosteroni kwa wiki tatu kabla.

Kuna homoni inayohusiana na upungufu wa damu?

Hepsidini, ya ini, inayoamua chuma kiasi gani kiingie kwenye damu. Malaria huipandisha, na unene huipandisha pia. Ikipanda, chuma hufungiwa ghalani. Hilo lina uzuri wake: mwaka 2011 ilionyeshwa kwa panya kwamba maambukizi yaliyomo kwenye damu, kwa kupandisha hepsidini, huwazuia vimelea wapya wasistawi kwenye ini. Mgeni wa kwanza anawafungia mlango wa pili. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa aliyepona hubaki mweupe wiki nyingi ingawa anameza vidonge vya chuma. Na vidonge hivyo navyo si vya kumwagwa ovyo. Huko Pemba, jaribio lililochapishwa mwaka 2006 la kuwapa watoto wote chuma na asidi ya foliki bila kupimwa lilisitishwa mapema baada ya kuonekana kwamba kulazwa na vifo vinaongezeka. Ushauri wa sasa ni kwamba chuma kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria.

Nimeambiwa nimeze dawa mseto na kitu chenye mafuta. Mafuta si ndiyo yanayoleta shida?

Mafuta ya sahani si mafuta ya kiunoni. Lumefantrini, nusu ya pili ya dawa mseto ya ALu (nusu ya kwanza ni artemeta), haipendi maji. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, nyingi hupita moja kwa moja hadi chooni. Ikiambatana na mlo wenye mafuta, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kuongezeka mara 16 hivi. Usitishike ukadhani unahitaji karamu: gramu moja na kidogo ya mafuta imeonekana kutosha, yaani maziwa vijiko vichache. Mgonjwa anayetapika kila kitu hawezi hata hivyo vijiko, na huyo hahitaji kidonge tena. Anahitaji sindano.

Dozi ya mtu mzito hupangwaje?

Hapa ndipo ningependa msomaji mnene asome polepole. ALu hutolewa kwa makundi ya uzito, na kundi la mwisho linaanzia kilo 35. Mwenye kilo 40 na mwenye kilo 110 wote humeza vidonge vinne kwa mara moja, mara sita ndani ya siku tatu, jumla 24. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, si kesho yake asubuhi. Kwa mtu mzito hakuna ziada ya kuchezea, kwa hiyo kuruka dozi moja au kumeza bila chakula kunamgharimu zaidi ya mwenzake.

Artesunate ya sindano ni tofauti, yenyewe hufuata kilo: miligramu 2.4 kwa kila kilo, na 3 kwa mtoto wa chini ya kilo 20. Hupigwa mgonjwa anapopokelewa, saa 12 baadaye, saa 24, kisha mara moja kwa siku. Mtu wa kilo 100 anahitaji miligramu 240, yaani vichupa vinne vya 60. Mgonjwa amelala hajitambui, hasimami kwenye mizani, ni usiku, muuguzi anakadiria kwa macho: "huyu kama themanini hivi." Akikosea kilo ishirini, dozi imepungua miligramu 48, karibu kichupa kizima. Kama wewe ndiye uliyemleta na unaujua uzito wake, useme bila kungoja kuulizwa.

Mbu huwapenda wanene?

Mbu hufuata hewa ukaa na joto, na mwili mkubwa hutoa zaidi. Kwa wajawazito hili lilipimwa Gambia: mbu wa Anopheles gambiae walivutwa nao mara mbili ya wasio wajawazito.

Nipime leptini ili nijue hatari yangu?

Usitumie pesa yako huko. Leptini ya damu hupanda na kushuka na mafuta uliyonayo, jinsia, saa ya siku na mlo wa jana, na kama nilivyosema, kwa binadamu haikuonekana kupanda kwa sababu ya falciparum. Hakuna daktari atakayebadilisha tiba yako kwa namba hiyo.

Kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu, hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kikiwa chanya na mgonjwa hawezi kukaa mwenyewe, hawezi kunywa, amepata degedege, mkojo umekuwa kama kahawa, au anaongea maneno yasiyoeleweka, safari ya hospitali inaanza dakika hiyo hiyo, awe mnene au mwembamba. Kituo kilicho mbali na hospitali kinaweza kumpa mtoto wa chini ya miaka sita artesunate ya kuweka njia ya haja kubwa kabla ya kumsafirisha. Iulizieni.